Tangi la lita 648 kwa frontosa wa Moba: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Nianze na jibu. Kama uko Lubumbashi na unataka kufuga sikilidi (samaki wa jamii moja na sato) wakubwa wa Ziwa Tanganyika nyumbani, agiza tangi kwa fundi wa vioo wa hapa hapa. Liwe refu na pana, chini yake uweke tangi la pili la kuchujia maji, na pesa utakayookoa uitie kwenye betri ya pampu ya hewa. Mimi nimefanya hivyo. Tangi langu limepita msimu wote wa baridi pamoja na delestaji zake, yaani kukatwa umeme kwa zamu, samaki wote wako hai na wanakula, na ndiyo maana naandika.

Samaki wenyewe ni frontosa, wale wenye nundu kichwani na milia mipana myeusi, mapezi yenye buluu inayokolea kadiri wanavyokua. Boulenger aliwaeleza kisayansi mwaka 1906, na mwaka 2003 Takahashi na Nakaya wakawatenga wale wa kusini mwa ziwa kama aina ya pekee, Cyphotilapia gibberosa. Wa Moba, mji wa upande wetu wa ziwa, wako kundi hilo la kusini. Dume hufika sentimita 30 na zaidi, na akitunzwa anaweza kuishi miaka 20. Nayataja haya kwa sababu wauzaji hukuonyesha vifaranga vya urefu wa kidole, unavinunua vinane kwa furaha, halafu unavitia kwenye tangi ambalo halitawatosha hata wakifika nusu ya ukubwa wao. Samaki huyu mnunulie nafasi ya ukubwa wake wa mwisho.

Kuna anayeuliza kuhusu kuhe, kwa kuwa naye ni sikilidi wa Tanganyika na ni mzuri mno akiwa kijana. Kuhe ndiye mkubwa kuliko sikilidi wote, anaweza kufika sentimita 80. Mwacheni ziwani.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa tangi la kutoka nje ya nchi, lenye kioo cha mbele kilichopinda, taa zake, kabati lake na chujio lake la mtungi uliofungwa. Linapendeza, sikatai. Lakini lilikuwa na sentimita 120 kwa urefu na 40 tu kwa upana, na sehemu kubwa ya lita zake ilitokana na kimo. Frontosa hana haja ya kimo. Ni samaki wa kuelea polepole juu ya mawe, na dume hujipatia eneo la chini ambalo jike hapiti ovyo. Samaki wa sentimita 30 kwenye upana wa 40, ukishapanga mawe, anageuka kwa shida kila anapogeuka. Kwa hiyo nikachagua njia ya pili: sentimita 180 kwa urefu, 60 kwa upana, 60 kwa kimo. Hesabu yake inatoa lita 648 ukijaza hadi ukingoni. Humo wanakaa dume mmoja na majike watano, na sitaongeza dume wa pili.

Fundi wangu ni wa madirisha na milango ya alumini, hajawahi kujitangaza kama mtu wa akwariamu. Alipokuja kupima sebuleni alitazama sakafu kabla ya kutazama ukuta. «Mama, hapa chini kuko beto ao ni udongo tu?» Hapo nikajua nimempata mtu. Maji peke yake ni kilo 648, vioo vya milimita 12 vinakaribia kilo 120, ongeza mawe, mchanga na meza ya chuma, unakaribia tani moja imesimama pahali pamoja. Beto, yaani zege, ilikuwepo. Meza tulichomelewa kwa chuma cha mraba, ikasawazishwa kwa pima maji, na juu ya mbao tukatandika frigoliti (lile povu gumu jeupe) ya sentimita mbili ili kioo cha chini kisikalie kijiwe wala kichwa cha msumari.

Kwenye silikoni simameni imara. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huuza silikoni ya bafu yenye dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Soma kopo. Inayofaa ni ile isiyo na dawa hiyo, inayotoa harufu kali ya siki inapokauka. Fundi aliunganisha vioo, akaweka vipande vya kioo juu kwa urefu wote mbele na nyuma ili tangi lisitanuke katikati, kisha akaniambia nisiliguse wiki nzima. Baadaye tulilijaza nje uani, tukakausha viungo vyote kwa kitambaa na kuzungushia karatasi za gazeti chini. Karatasi zilikaa kavu. Ndipo likaingia ndani.

Mawe yanahitaji neno refu kidogo, kwa sababu sisi ni watu wa Katanga na mawe yetu si kama ya wengine. Shaba ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo sana majini. Jiwe lenye mshipa wa kijani au buluu, hata likiwa zuri namna gani, halifai. Malakiti tunayojivunia, jiwe la kijani lenye shaba, inayochongwa na kuuzwa mjini kama mapambo, isiingie majini kabisa. Mchanga vilevile: usichote kwenye mto unaopita karibu na migodi au na kiwanda cha kuyeyusha shaba, na Mto Lubumbashi wenyewe unapita jirani na ule mlima mweusi wa mabaki tunaouona wote. Mimi nilitumia mawe ya chokaa, meupe-kijivu, yaliyochemshwa na kusuguliwa kwa brashi bila sabuni. Nilipanga mawe kwanza moja kwa moja juu ya kioo, nikihakikisha hayatikisiki, ndipo nikamwaga mchanga. Samaki hawa huchimba. Jiwe lililokalia mchanga litaanguka siku moja, na litaangukia kioo.

Kwa upande wa maji tuna bahati. Birika letu la chai huwa na ukoko mweupe ndani, yaani maji ya kisima chetu yana chokaa ya kutosha, na samaki wa Tanganyika hutaka maji magumu kama hayo. Ziwa lenyewe lina pH (kipimo cha asidi ya maji: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni kinyume) inayokaribia 9 na joto la digrii 24 hadi 27 hivi. Kwangu kipimo cha matone kinaonyesha 8,2, na mawe ya chokaa yanaishikilia hapo. Sikutia dawa yoyote ya kupandisha. Anayetumia maji ya bomba ayaache kwanza kwenye pipa na pampu ya hewa kwa siku moja klorini iondoke.

Lakini maji ya namna hiyo yana ukali wake. Uchafu wa samaki hutoa amonia, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa katika hali ya sumu. Kwa joto la digrii 25, kwenye pH 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye 8 ni kama asilimia 5. Kwenye 9 inapita asilimia 35. Uzembe ambao mtu wa Kinshasa anaweza kuupita salama na samaki wake wa maji laini, kwako utaua. Tangi likae bila samaki wiki nne hadi sita, ukilitilia amonia kidogo kidogo, mpaka bakteria wanaoila wazaliwe kwenye chujio na kipimo kionyeshe amonia sifuri na nitriti (sumu nyingine inayotokana na amonia) sifuri. Binti yangu alichoka kutazama mawe matupu. Nilimwelewa, ila sikuharakisha.

Sasa kuranti, ambayo ndiyo iliyoamua kila kitu. Chujio la mtungi uliofungwa ni zuri pale ambapo umeme haukatiki. Ukikatika saa nyingi, bakteria waliomo ndani wanamaliza oksijeni na kufa, na umeme ukirudi pampu inasukuma maji yale yanayonuka moja kwa moja kwa samaki. Tangi la chini lililo wazi halina tabia hiyo. Maji yanashuka kwa bomba, yanapita kwenye sponji na kwenye vipande vya matofali ya kuchoma vilivyovunjwavunjwa, kisha pampu inayarudisha juu. Umeme ukienda, hewa bado inagusa maji. Humo ndani nimeweka jiwe la hewa linaloendeshwa na betri, na mawili mengine juu.

Mambo mawili mwambie fundi kabla hajakata kioo. Pampu ikizimika, maji ya juu yataendelea kushuka hadi yafike usawa wa mdomo wa bomba, kwa hiyo tangi la chini lazima liwe na nafasi tupu ya kuyapokea; langu lina nafasi ya lita 80. Pia bomba la kurudisha litobolewe tundu dogo chini kidogo ya uso wa maji, ili likivuta hewa lisinyonye maji kurudi nyuma hadi sebuleni. Zima umeme kwa makusudi mbele ya fundi, ukae utazame mpaka maji yatulie, ndipo umlipe.

Betri yangu ni ya ampea-saa 100, volti 12, inachajiwa na paneli moja juu ya bati. Pampu ya hewa inakula wati 8, hivyo inavuka usiku na mchana unaofuata bila wasiwasi. Hita sijaiunganisha hapo na sitaiunganisha: mbili za wati 300 zingeimaliza betri kwa muda usiozidi saa mbili. Badala yake nimelivika tangi frigoliti nyuma, kando na juu ya mfuniko, na usiku wa Juni na Julai, ule wa chini ya digrii 10 nje, tunashusha blanketi mbele. Lita nyingi hivi hazipoi haraka. Usiku mmoja wa giza refu joto lilishuka kutoka 26 hadi 24 tu, na asubuhi samaki walikuwa wametulia kati ya mawe, wakaja mbele tulipofungua blanketi. Tangi la lita 100 lingeshuka zaidi ya hapo.

Samaki walikuja kwa ndege kutoka Kalemie, kwenye mifuko yenye oksijeni. Muulize muuzaji kama ni wa kuzalishwa au wamevuliwa. Frontosa huishi vilindini, na akivutwa juu upesi kibofu chake cha hewa hutanuka. Asiposhushiwa presha taratibu anafika kwako akielea kichwa chini, haponi kirahisi. Chagua vijana wa sentimita 8 hadi 10 wanaoogelea sawasawa. Hula mara moja kwa siku: chakula cha punje kinachozama, na mara mbili kwa wiki kapenta (dagaa) asiye na chumvi aliyelowekwa. Nyama ya ng'ombe usiwape, matumbo yao hayaiwezi.

Kasoro zipo. Maji yanayoshuka kwenye bomba yana kelele, na mume wangu alilalamika mpaka tulipofunga sponji kwenye mdomo wa bomba. Ukuta wa nyuma hupata unyevu, inabidi uache nafasi ya kupitisha hewa. Na kila Jumamosi nabadilisha robo ya maji, kama lita 160, kazi ya mpira wa bustani na pipa, na siku kisima kikiwa chini inakuwa ndoo. Mwenye nyumba ya kupanga afikirie mara mbili, tangi hili halihamishwi na watu wawili.

Vioo, silikoni, meza ya chuma, tangi la chini na kazi ya fundi vilinigharimu dola 600 na ushee. Pampu, hita, betri na paneli vilikuwa juu ya hapo. Lile la kutoka nje, dogo kwa nusu, lilikuwa ghali kuliko vyote hivyo pamoja, na chujio lake lingehitaji jenereta.