Audition (1999): usiirushe mbele hata dakika moja

Habari zenu, watazamaji. Leo mezani kuna Audition, filamu ya Kijapani ya mwaka 1999, dakika 115, imeongozwa na Takashi Miike kutokana na riwaya ya Ryu Murakami. Mwisho wake sitausema, ila ya katikati nitayagusa. Usiyetaka kujua chochote, itazame kwanza ndipo urudi hapa.

Kisa chenyewe ni chepesi. Aoyama ni mgane, mkewe amefariki miaka saba iliyopita, na kijana wake anamhimiza aoe. Rafiki yake Yoshikawa, mtayarishaji wa filamu, anampa mbinu: tuitishe usaili wa waigizaji, mabinti waje, wewe uchague mchumba humohumo. Shida inaanzia hapo, na inaanza kwa uongo wa mwanamume mpole. Nawaomba mlikumbuke hilo mpaka mwisho, kwa sababu wengi wakishafika kwenye damu hulisahau.

Anayemchagua ni Asami, ameigizwa na Eihi Shiina, aliyekuwa mwanamitindo. Angalieni jinsi anavyochaguliwa. Kabla hajamwona, Aoyama amekwisha kunasa kwa barua ya maombi, pale binti anapoandika kwamba kuacha baleti baada ya kuumia ni kama kukubali kifo. Siku ya usaili Yoshikawa ndiye anayeuliza maswali na Aoyama kanyamaza. Asami akiingia, Aoyama ndiye anayeongea. Hapo hampendi mtu, anapenda picha aliyojichorea kichwani. Yoshikawa anamwonya kuwa maelezo ya binti hayathibitiki, aliyetajwa kama mdhamini wake hapatikani. Maneno hayo yanaingia sikio hili, yanatokea la pili.

Sasa tuje kwenye simu, na hapa nitakaa kidogo. Aoyama ameshauriwa asipige haraka, anajizuia, mwishowe anashindwa. Tunaonyeshwa anakoishi Asami: chumba hakina karibu kitu, simu iko sakafuni, nyuma yake kuna gunia kubwa limefungwa. Binti ameketi chini, kainamisha kichwa, nywele zimemfunika uso. Simu inalia. Gunia linafurukuta. Hakuna damu hata tone, hakuna silaha, na bado ni moja ya picha nzito kuliko zote nilizokwisha kuzichambua. Inafanya kazi kwa sababu kabla yake tumekaa muda mrefu ndani ya filamu inayofanana na hadithi ya mapenzi: chakula cha jioni, mazungumzo ya kiofisi, mwanga mtulivu. Ukiirusha mbele ili ufike "kwenye utamu", gunia litabaki gunia tu.

Sehemu inayowapoteza watu ni baada ya Aoyama kunywa kinywaji kilichotiwa dawa. Anaanguka, na filamu inaingia kwenye kumbukumbu zilizochanganyika na ndoto. Msishike swali la kipi kilitokea na kipi hakikutokea. Rudini kwenye mazungumzo ya mgahawani: mara ya kwanza Asami anasimulia familia ya kawaida, mara hii, ndani ya ndoto, anasimulia mateso aliyoyapata utotoni. Mimi naisoma hivi: dalili zilikuwepo, Aoyama hakutaka kuzisikia. Kisasi cha Asami kinasimama juu ya ahadi moja aliyoiomba, apendwe yeye peke yake, asiwepo mwingine. Mtu mwenye mtoto na picha ya marehemu mkewe nyumbani angeitimizaje?

Kasoro ipo. Mtiririko huo wa ndoto unarefuka kupita kiasi, na baadhi ya picha zake zinaeleza yale ambayo gunia lilishatuambia.

Kuhusu ukatili, niseme wazi ili kila mtu aamue mwenyewe. Kuna sindano zinazochomwa mwilini na usoni, kuna kiungo kinachokatwa kwa waya, kuna matapishi, kuna mateso ya mtoto, na kuna mbwa anayeuawa. Si filamu ya kuwekwa sebuleni watoto wakiwa macho. Ilipoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2000, watu wengi walitoka ukumbini. Kinachoumiza zaidi si jeraha, ni sauti: Asami anachoma sindano huku akiimbaimba "kiri kiri kiri" kwa upole, kama anayembembeleza mtoto.

Kwa hiyo itafuteni yenye sauti ya Kijapani na maandishi chini. Ikitokea mmeipata iliyotiwa maneno na DJ, iacheni. Ufundi huo unafaa sana filamu za mapigano, lakini hapa ukimya ndio unaojenga hofu, na mtu akiongea juu yake hakuna kinachobaki. Vaeni spika za masikioni, maana sauti ya simu ya mkononi itawanyima nusu ya kazi. Zimeni taa, kwa kuwa chumba cha Asami ni cheusi na gunia halionekani vizuri skrini ikimulikwa. Na mle kabla, si wakati wa kutazama.