Ukungu kwenye miwani ya easofti: miezi 14 ya kujaribu na nilichobaki nacho

Wadau, hii naiandika kwa wale wachache wetu wanaocheza easofti, na pia kwa yeyote anayevaa miwani ya macho halafu juu yake inabidi avae kinga nyingine, iwe helmeti ya boda au miwani ya karakana. Mi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Coventry hapa Uingereza, macho yangu ni minus 3 na nusu, yaani miwani kwangu haivuki siku.

Kwa asiyeujua mchezo, chukulia ni kombolela ya wakubwa msituni. Timu mbili, bunduki za betri au za gesi zinazorusha vigololi vya plastiki vya milimita 6, ukiguswa unapaza sauti "hit", unanyoosha mkono juu, unatoka. Ulizaliwa Japani miaka ya 1970, sa hivi uko nchi nyingi. Hapa sheria ya 2017 inataka bunduki inayomimina mfululizo isizidi jouli 1.3 (jouli ni kipimo cha nishati, yaani kigololi kinagonga kwa nguvu kiasi gani) na ya mojamoja isizidi jouli 2.5. Kwenye ngozi kigololi kinauma kikaacha alama nyekundu, kwenye jicho unaweza kupoteza jicho. Ndo maana kila uwanja unaoenda wanaanza na kanuni hiyohiyo: ukiwa ndani ya eneo la mchezo miwani haivuliwi wala hainyanyuliwi, hata kama wewe umeshatoka mchezoni.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Novemba, nyuzi joto kama 5, msitu umelowa, nimekodi kila kitu palepale uwanjani pamoja na barakoa ya uso mzima yenye lenzi moja. Dakika kumi za mwanzo safi kabisa maana tulikuwa tunakimbia, tukafika kwenye gogo tukalala kusubiri, hapo ndo ikaanza, kwanza karibu na pua, halafu katikati, nusu dakika haijaisha naona weupe tu kama nimefunikwa shuka, nasikia vigololi vinapiga majani sijui vinatoka upande gani. Na kumbe nilikuwa na ukungu wa aina mbili kwa wakati mmoja, mmoja kwenye lenzi ya barakoa na mwingine kwenye miwani yangu ya macho kule ndani. Siku ile nilidhani ni kitu kimoja, na kutojua huko kukanilia hela na miezi.

Siku hiyohiyo jamaa mmoja wa timu yetu alizidiwa na ukungu, akaingiza kidole chini ya barakoa akainyanyua kama sentimita mbili hivi hewa ipite. Kigololi kikampata kwenye mfupa wa shavu chini kabisa ya jicho, damu ikatoka. Upana wa kidole kimoja juu ya pale ni jicho. Refa alisimamisha mchezo wote, akaja amekasirika kwelikweli, na alikuwa na haki. Toka siku ile ukungu mi nauweka fungu moja na ugumu wa lenzi yenyewe, maana lenzi ngumu kiasi gani kama huoni utaishia kuinyanyua.

Sasa kwanini inatokea. Kumbuka unavyotoka benki pale Tanga mjini au Dar, ndani AC imeshapoza miwani yako, unafungua mlango joto la nje na unyevu wa pwani vinakuvaa, miwani yote inakuwa nyeupe mpaka usimame kwanza ngazini. Msituni huku ni hilohilo, ila hilo joto la pwani linatoka usoni mwako mwenyewe. Hewa unayoitoa puani ina nyuzi kama 34 na imeshiba maji, mita moja ya ujazo ya hewa hiyo inabeba gramu 37 hivi za mvuke, wakati hewa ya nyuzi 5 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 7 hivi. Yale mengine lazima yatue mahali, na kitu baridi kilicho karibu ni lenzi. Yanatua kama vitone vidogo sana na kila kitone kinatawanya mwanga, ndo weupe wenyewe huo. Kwahiyo dawa yoyote utakayouziwa inafanya moja ya mambo matatu, ama inafanya maji yatandae bapa badala ya kuwa vitone, ama inasukuma hewa, ama inazuia ile lenzi ya ndani isipoe. Nilivyoelewa hivyo ndo nikaacha kununua ovyo.

Nilianza na sprei kama kila mtu. Ya kwanza ya mtandaoni pauni 9, ilifanya kazi vizuri dakika ishirini za kwanza, jasho likaisafisha, mchezo wa pili nikarudi nilikotoka. Ya pili ilikuwa na alkoholi, baada ya wiki kama sita lenzi yangu ikafanya mistari midogomidogo kama utando wa buibui, nikaitupa, maana polikaboneti, ile plastiki ngumu ya lenzi, ikishakuwa na nyufa hata kama ni ndogo siiamini tena mbele ya jicho. Majina ya kampuni sitaji, we soma nyuma ya chupa, kama ina alkoholi na haijaandikwa kwamba inafaa polikaboneti iache.

Nikahamia sabuni ya vyombo. Binamu yangu anaendesha boda Njombe, kule mwezi wa sita na wa saba asubuhi baridi inauma, yeye anapaka sabuni ya kipande kwenye kioo cha helmeti kwa ndani anasugua mpaka kinang'aa, akaniambia hiyo ndo dawa ya miaka yote. Na kweli inafanya kazi jamani, tone moja la sabuni, unalisambaza kwa kidole, unaacha likauke, unafuta taratibu na kitambaa laini, unapata karibu nusu siku. Shida ni kwamba mwenye boda haviringiki kwenye majani akitoka jasho. Mimi jasho lilishuka na sabuni likaingia jichoni katikati ya mchezo, inawaka, na huruhusiwi kuvua. Nilitembea na macho nimefumba nimeshika bega la mwenzangu mpaka tukatoka nje. Ukitaka njia hii tumia shampuu ya watoto kama wafanyavyo waogeleaji, hiyo haichomi sana.

Mate je? Kwetu pwani wavuvi wa pweza wanatema mate kwenye miwani ya kuzamia, wanasugua, wanasuuza na maji ya bahari, wanazama. Kule ni kioo halisi na kinasuuzwa, ila kwenye plastiki yenye jasho mi hayakudumu hata robo saa. Povu la kunyolea lilidumu kidogo ila likaacha utusitusi ambao jua likikupiga usoni huoni kitu. Dawa ya meno usithubutu kabisa, ina chembe za kusugulia, zinakwangua lenzi.

Miwani ya wavu wa chuma haipati ukungu kabisa maana haina lenzi, wengi wanaisifia. Mi nilijaribu ya rafiki siku moja nje ya mchezo, nikaona kigololi kikigonga wavu kinaweza kupasuka na vipande kupita kwenye matundu. Uwanja wetu hawairuhusu, nami nakubaliana nao.

Sasa lenzi mbili. Hiki ndo kitu nilitakiwa kuanza nacho. Ni barakoa ya peintiboli, ule mchezo wa kurushiana vidonge vya rangi, lenzi ya nje polikaboneti nene, ya ndani nyembamba imepakwa dawa ya ukungu toka kiwandani, katikati kuna hewa imefungiwa kwa sponji nyembamba kuzunguka ukingo. Hiyo hewa inafanya kazi kama blanketi, baridi inabaki nje na lenzi ya ndani inabaki na joto karibu na la uso, mvuke hauna sababu ya kutua. Niliinunua Januari kwa zaidi ya pauni mia, ikaniuma sana, nikaenda nayo msituni kuna barafu kwenye madimbwi, nikakimbia, nikalala, nikasubiri. Nikasubiri tena. Lenzi ya barakoa haikushika kitu hata pembeni.

Ila bado sikuona! Miwani yangu ya macho ilikuwa nyeupe pe. Ndo hapo nikaelewa habari ya ukungu wa aina mbili, lenzi ya barakoa ilikuwa safi kabisa, tatizo lililobaki lilikuwa miwani iliyokaa kwenye hewa nzito baina ya uso na barakoa, na hiyo miwani lenzi mbili haiisaidii. Mtu asiyevaa miwani ya macho anunue lenzi mbili na amalize, nasema bila wasiwasi. Wewe wa miwani kama mimi una hatua nyingine.

Hatua yenyewe kwangu ilikuwa feni. Kuna vifeni vidogo vya betri vinavyofungwa juu ya barakoa, changu kinatumia betri mbili ndogo za AAA. Cha kuangalia ni hewa inaenda upande gani. Mwanzo nilikifunga kikisukuma hewa kuingia ndani, macho yakakauka mpaka yakawa mekundu, na vumbi la majani likaingia. Nikakigeuza kikawa kinavuta hewa ya ndani kuitoa juu, kwahiyo hewa baridi kavu inaingia yenyewe kwa chini, inapita kwenye miwani, inatoka. Tofauti ilikuwa kubwa sana. Kelele ipo, ukiwa umejificha mahali kimya adui aliye hatua nne tano anaweza kukisikia, kwahiyo nakizima nikilala nakiwasha nikianza kuhisi joto.

Kingine ambacho hakina gharama: nilikuwa najifunga kikoi shingoni mpaka mdomoni kwa ajili ya baridi, na barakoa juu yake. Pumzi ikikosa njia ya mbele inapanda juu moja kwa moja kwenye miwani. Nimekishusha kikoi mpaka kidevuni, mdomo una baridi lakini naona. Pia siku hizi natoa pumzi kwa mdomo kuelekea chini, inachukua mchezo mmoja kuzoea.

Kwenye miwani ya macho yenyewe napaka Cat Crap, hiyo ni kama krimu ngumu inakuja kwenye kikopo kidogo, wanaoteleza kwenye theluji wanaitumia siku nyingi. Kidogo tu pande zote mbili, unasugua mpaka iwe wazi. Kwangu inakaa michezo mitatu minne na haijawahi kunichoma macho. Kwenye ile lenzi ya ndani ya barakoa siipaki kitu chochote, ina dawa yake tayari.

Kabla hujanunua chochote angalia alama. Kwenye miwani ya Ulaya ya kiwango cha EN 166 utaona herufi. F maana yake imepigwa na gololi ya chuma ya gramu 0.86 kwa mita 45 kwa sekunde, hiyo ni jouli 0.87 hivi, na bunduki ya kawaida kabisa ya futi 350 kwa sekunde na kigololi cha gramu 0.20 inatoa jouli 1.14. Umeona? F haifiki. B ni mita 120 kwa sekunde, jouli kama 6, hapo una nafasi ya kutosha. Herufi N ndo ya ukungu, lakini kipimo chake kinataka lenzi ikae bila ukungu sekunde 8 tu, kwahiyo usiitegemee kwa mchezo wa nusu saa. Barakoa za peintiboli zina kiwango chao, ASTM F1776, tafuta hiyo namba imeandikwa.

Matunzo ya lenzi mbili ni ya kuheshimu. Usiitose kwenye maji, yakiingia kati ya lenzi kupitia ile sponji hayatoki kirahisi na unabaki na ukungu ambao huwezi kuufikia kwa kitambaa. Mi yangu naifuta nje na kitambaa chenye unyevu, ndani naacha ikauke kwanza ndo nagusa kwa kitambaa cha miwani bila kukandamiza. Na mapumziko usiivae juu ya kipaji, kichwa kinatoka mvuke kama sufuria, unairudisha machoni imeshalowa.

Kwa hiyo leo nina lenzi mbili naipa 9 kwa 10, feni 7 kwa sababu ya kelele na betri, krimu 8, sabuni 5, sprei nilizotumia mimi 2. Jumapili iliyopita ilikuwa mvua na nyuzi 4, nilikaa nyuma ya gogo muda mrefu feni imezimwa, miwani ikaanza kuziba pembeni kushoto, nikaiwasha, nikahesabu moja mpaka kumi na tano, ikafunguka. Sa hivi nasubiri fremu ndogo ya lenzi za macho inayobandikwa ndani ya barakoa yenyewe, fundi miwani anasema wiki mbili, nataka kujua kama ikikaa mbali zaidi na pua feni naweza kuiacha nyumbani.