Wapiga picha za nyumba Dar: maandalizi yao lipia, lenzi yao wadhibiti

Jina la hawa jamaa naliacha maana nina ya kuwasifia na ya kuwalaumu, nikiyaweka yote itakuwa ugomvi.

Nyumba ni ya mama, ipo Tegeta, vyumba vitatu kimoja masta, tunapangisha na fenicha zake. Dalali alishapiga picha kwa simu yake akarusha status, ya kwanza choo mfuniko uko juu, ya pili feni inazunguka imetoka ukungu mtupu, ya sebuleni kajipiga mwenyewe kwenye kioo cha kabati, hakuna aliyepiga simu, ndo nikasema ngoja nilipe watu wanaoijua kazi. Bei yao 250,000, humo kuna maandalizi siku moja kabla, picha 25 zilizoeditiwa na usafiri. Droni wanachaji pembeni, sikuichukua, nyumba ya chini tu droni ya nini.

Sasa hapo kwenye maandalizi ndo hela ilienda kihalali. Alikuja dada mmoja na ndoo na matambara, kumbe yeye ndo fundi mwenyewe. Alianza na makochi, akavua vitambaa vyote, vile vya kudarizi ambavyo mama hataki viguswe, akatoa maua ya plastiki, kalenda, picha za mahafali ya wadogo zangu na vyeti vyao ukutani, anasema mpangaji akiona sura za wenye nyumba kila kona anajihisi kaja kutembea, halafu watu wa mtandaoni hawana haja ya kujua watoto wenu wamesoma wapi. Nikamwelewa. Chumbani hakuifunga neti fundo kama tunavyofanya wote, kaishusha na fremu yake kabisa, chumba kikapumua. Jikoni kaacha birika peke yake, mtungi wa gesi, beseni, sabuni na masponji vyote stoo, mapipa ya akiba ya bafuni yakatoka nje. Halafu balbu, hii ilinishangaza. Sebuleni kulikuwa na nyeupe mbili na ya njano moja, kwa macho huoni shida ila kwenye kamera ukuta upande mmoja unatoka bluu mwingine chungwa, akanituma dukani nikaleta zinazofanana. Feni zote off, mfuniko wa choo chini, nyaya za king'amuzi kazipitisha nyuma ya meza, na rimoti kaziweka kwenye droo.

Mpiga picha akaja asubuhi kwa sababu nyumba inatazama mashariki, ukisubiri mchana jua la Dar liko utosini na baraza lote linakuwa kiza. Kamera kwenye tripodi kimo cha kifuani, kila kona anapiga kadhaa za mwanga tofauti anakuja kuziunganisha, ndo maana dirishani unaona mwembe badala ya weupe. Hapo sina neno.

Lawama yangu ni lenzi. Wanatumia ile pana kupita kiasi, chumba cha watoto cha futi 10 kwa 10 kimetoka kama ukumbi wa harusi. Mteja wa kwanza kafika, kasimama mlangoni, kauliza "hiki ndo kile cha kwenye picha?" akazunguka kwa adabu tu na hajapiga simu tena. Kwa kweli simlaumu, mtu katoka Mbagala na foleni zote zile kuja kuangalia chumba ambacho hakipo. Kibaya zaidi akishajiona kadanganywa kwenye kimoja hata masta nzuri anaitilia shaka. Walinibandikia na majani mabichi uani ambapo ni changarawe! Nilivyolalamika walirudi wakapiga upya vyumba viwili kwa lenzi ya kawaida na majani wakayatoa, hela hawakuongeza, hilo nawapa. Ila usingoje mpaka ulalamike, waambie siku ya kwanza.

Jingine, nadhani wamejifunzia youtube za Marekani. Tanki la lita 5,000 juu ya mnara wamelikata lisionekane eti linaharibu muonekano. Jamani Dar hii hii? Mpangaji wa hapa kabla hajauliza jiko likoje anataka kujua maji yanatoka siku ngapi, kuna tanki, luku ya kujitegemea au ya kuchangia, mvua ikinyesha gari linafika getini. Nikapiga mwenyewe kwa simu, tanki, mita ya luku nikiwa nimeifunika namba, na njia kutoka lami mpaka getini, nikazichanganya na zao. Wanaopiga simu sasa wengi wanaanza na "nimeona mna tanki", sio makochi.

Kama una hela kidogo, waulize kama wanaweza kukupa yule dada peke yake, mi niliambiwa inawezekana kwa 80,000, halafu ukapiga na simu nzuri asubuhi umeishika sawa bila kuiinamisha, nyumba ikishapangwa vile hata simu inatosha. Nusu ya malipo wanataka kabla, risiti wanatoa. Na picha wakikutumia watsap waambie watume kama dokumenti, zikija kama picha za kawaida zinabanwa na ubora unashuka.