Gesti ya Kolo iliyotupokea mimi na Popi

Mwaka jana niliuliza gesti moja kwenye simu kama naweza kuja na mbwa wangu, Popi, ikaniambia "njoo naye tu". Tulipofika getini saa mbili usiku, mhudumu akaangua kicheko. Kumbe alidhani natania. Tukalala kwenye gari, mimi na Popi. Kwa hiyo safari hii, kabla sijatoka kwangu Nzuguni, Dodoma, nilimpigia mama mwenye nyumba mara mbili, na mara zote neno mbwa nililitamka waziwazi. Akanijibu, "Nimesikia, mwanangu. Ana karatasi ya chanjo?"

Nyumba ina vyumba vinne vya tofali za kuchoma, nje kidogo ya Kolo, ukishaipita Kondoa mjini kuelekea Babati. Ni lami, isipokuwa kipande cha mwisho. Kadi ya kichaa cha mbwa aliisoma kweli, tarehe kwa tarehe, miwani puani, ndipo akafungua geti.

Kisha masharti. Barazani mbwa hapandi, maana ndipo inapotandikwa mikeka ya kuswalia. Chombo chake ni dumu la mafuta lililokatwa nusu, halichanganywi na vyombo vya nyumba. Akijeruhi mbuzi wa jirani, unalipa wewe. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa nimfunge nje kwenye mwembe. Wapi! Usiku lazima alale chumbani. "Huku kuna fisi. Wangu wawili walikwenda hivyohivyo." Usiku wa pili niliwasikia ng'ambo ya korongo, na Popi, anayetisha bodaboda wote wa mtaa wetu, akajichimbia uvunguni mpaka kukapambazuka.

Chumba ni 25,000 kwa usiku, mbwa 5,000. Sikunung'unika, hasa baada ya ugali wa uwele na mlenda wa karanga, ambao nilirudia mara tatu bila aibu. Popi alipata ukoko na vichwa vya dagaa.

Maji ya kuoga ni ya ndoo, chandarua changu kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na taa ya sola ilizimika kabla ya saa nne. Majani ya nyuma ya nyumba yamejaa kupe. Masikioni mwa Popi niling'oa saba. Nendeni na dawa.

Jumamosi nilipanda Mungomi wa Kolo kuona michoro ya miambani, iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Unapitia kwanza ofisini pale Kolo kuchukua mwongozaji. Kilima kinatoa jasho, lakini wale watu wembamba, warefu, wekundu, niliwatazama mpaka mwongozaji akaketi. Popi nilimwachia mjukuu wa mama.

Niliporudi nilimkuta Popi amelala chini ya baraza, mwili wote mavumbini, pua tu ameiegemeza kwenye ngazi ya kwanza. Mama alikuwa anachambua mlenda pembeni. Akasema, "Pua nimemsamehe."