Aprili: Majaruba ya Magu au Ufukwe wa Luchelele?

Ukitaka kutembea kwa miguu nje ya jiji la Mwanza wakati wa masika, kuna njia mbili ninazozipenda, ila hazilingani.

Luchelele ni karibu. Daladala za Nyegezi zinakusogeza, kisha unafuata ufukwe wa Ziwa Victoria. Mawe makubwa ya matale, dagaa walioanikwa, mijusi dume wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu wakiota jua. Hata mvua ikinyesha asubuhi, mchana mchanga umeshakauka. Kwa wenye watoto, nenda huku, lakini wasichezee maji yaliyotulia kwenye matete: konokono wa kichocho wanaishi humo.

Magu iko kilomita 60 hivi kwenye barabara ya Musoma, na huko ndiko moyo wangu ulipo. Mto Simiyu unatoka upande wa Serengeti na kumwaga maji Ghuba ya Speke, na masika unajaa maji ya rangi ya udongo. Mpunga umefika magotini, unapita juu ya matuta ya majaruba, yaani vitalu vya mpunga, mguu mbele ya mguu, yangeyange wanaruka hatua chache mbele yako. Salimia kila unayemkuta shambani, "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, naye atakuonyesha tuta gani limebomoka. Udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, unanata, hivyo vaa buti za mpira. Kingo za mto zikaribie ukiwa na mwenyeji tu. Viboko na mamba si wa kubahatisha.

Kama una siku nzima, chagua Magu. Ukiwa na saa tatu tu, Luchelele.