Boti ya tanga Mwanza: tanga nimelipia, wao wamelifunga kamba

Jamani nimejikaza nimeshindwa, acha niseme. Shule zilipofungwa juzi juzi hapa nikajipinda nikalipia familia nzima safari ya boti ya tanga kutoka hapa mjini, tunapita Bismarck Rock, tunazunguka kisiwa cha Saanane, tunatokezea visiwa vya huko nje kula sato. Jina la hao jamaa silitaji, wakisoma watajijua.

Kwenye picha walizonitumia WhatsApp tanga limejaa upepo mpaka raha. Kufika pale lipo kweli, ila limekunjwa na kufungwa kamba kama mkeka wa msibani. Nikasema labda tukishatoka kwenye mitumbwi ya watu. Wapi! Injini inanguruma, moshi wote kwa watoto, Bismarck tumepita, Saanane tumepita, nahodha hata neno moja la kuwaambia watoto hana, ikabidi mimi ndio nihadithie kwamba hapo palikuwa kwa mzee Saanane, serikali ikapafanya bustani ya wanyama 1964 na sasa ni hifadhi ya taifa, mama watoto ananicheka tu.

Nikamuuliza kistaarabu kabisa, kaka, tanga tunafungua saa ngapi? Bila hata kugeuka: "Mzee, wewe unataka tanga au unataka kufika?" Mbele ya wanangu! Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka, yaani hela yangu, tanga langu, halafu naonekana msumbufu.

Na alishaniudhi toka asubuhi kwenye maboya, ya wakubwa yapo, la mtoto hamna, eti "huyu mdogo atapakatwa na mama yake". Sisi watu wa Mwanza, MV Bukoba iliyozama 1996 tunaijua, MV Nyerere iliyozama 2018 pale Ukara tunaijua, unamwambia nani habari za kupakata? Tuligoma kupanda mpaka kijana wake akakimbia kuazima boya la mtoto kwenye boti ya jirani. Sato alikuwa mtamu, siwezi kusema uongo, ingawa alikuja amepoa.

Sasa kurudi, bwana mkubwa si akapita juu ya magugumaji, propela ikajisokota, badala ya kuzima injini ayatoe yeye anaongeza moto, tak! Pini ya propela imekatika. Ya akiba hana. Akatafuta msumari, akaugongagonga na koleo, akauchomeka, hata hatujasogea na wenyewe ukakatika, kabaki anapiga simu isiyopokelewa huku jasho linamtoka.

Kulikuwa na babu mmoja Mkerewe, kutwa nzima yuko nyuma anafua maji kwa kopo, hakuna anayemsemesha. Kainuka, hakumwomba mtu ruhusa, kafungua ile kamba, tanga juu. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo ulikuwa unatusukuma nyumbani wenyewe. Injini kimya, moshi hakuna, maji yanapiga ubavuni pwa pwa, watoto wanapiga kelele za furaha. Babu akamwita mwanangu wa kwanza akampa kamba ashike, "legeza, legeza kidogo, haya sasa vuta", na dogo anavuta kweli na boti inaitika! Wallahi kile kipande kimoja kilifidia hela yote.

Hela yote? Hapana, nusu. Maana kufika ufukweni yule nahodha hana hata aibu, ananiambia "si unaona mzee, tanga lako umepata". Nusura nimrukie.

Nilikuja hapa kuwapa nyota moja, sasa sijui, watoto wanauliza tunarudi lini na nahisi tutarudi. Wape mbili, zote za babu. Ukitaka kwenda ulizia kwanza kama babu yupo, na kama una mdogo nenda na boya lake mwenyewe.