Mbegu za pansi za mchanganyiko: maua safi, maelezo ya pakiti ovyo

Nianze na lawama. Nyuma ya pakiti wameandika panda, mwagilia, weka juani, basi. Kwa alizeti ingetosha. Pansi ni ua la msimu wa baridi, na mbegu yake huota vizuri gizani, kwenye ubaridi wa nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi hivi. Joto likipita 25, nyingi hugoma. Mgeni wa ua hili akifuata pakiti ataishia kusema kauziwa mbegu mbovu.

Mimi nimeshalea pansi, kwa hiyo maelezo yale niliyaweka kando. Nilizifukia milimita 3 tu, nikafunika trei kwa gazeti na kuiweka upande usiopigwa na jua. Kwa kawaida huchukua siku 10 hadi 21 kuchomoza. Hizi hazikuchelewa, na zilizogoma zilikuwa za kuhesabika. Gazeti uliondoe mara tu uonapo mche wa kwanza, la sivyo miche inarefuka ovyo na kulegea. Na maji usizidishe, kinyaushi, ugonjwa wa kuozesha miche michanga, kinafagia trei nzima.

Maua yenyewe sina neno. Petali zimekaa kama mahameli, na ile ya chini ina waa la zambarau iliyoiva mpaka karibu nyeusi, na vistari vyembamba vinavyoelekea kwenye kitobo cha manjano katikati. Kwenye mchanganyiko huu njano imezidi kidogo, ningependa bluu zaidi. Baridi haiyatishi: asubuhi ya jalidi majani yamelala chini, ukadhani yamekwisha, jua likipanda kidogo yamesimama tena.

Kazi kubwa ni kuondoa maua yaliyonyauka. Usinyofoe petali peke yake. Fuata kikonyo hadi chini ukikate huko, kwa sababu nyuma ya ua kuna kifuko cha kijani kinachotunga mbegu, na mmea ukianza kutunga mbegu hupunguza kuchanua. Kimoja nilikiacha makusudi nione: kilikauka, kikapasuka pande tatu na kurusha mbegu nje ya chungu. Burudani tosha, ila usitegemee mbegu hizo zitoe maua yanayofanana na mama yao kama ulizonunua ni chotara.

Mbolea ya naitrojeni niliitia kidogo tu, ukizidisha unavuna majani. Vidukari hujificha chini ya majani na kwenye vitumba. Nilivisukuma kwa maji. Konokono nao hutafuna petali usiku, hao ni wa kuokota kwa mkono.

Halafu pakiti inadai ua hili "huchanua mwaka mzima". Hapana. Msimu ukianza kupata joto mashina yanarefuka, maua yanakuwa madogo, na hapo ni kung'oa. Nitazinunua tena, lakini anayeishi kwenye joto mwaka mzima asitumie hela yake hapa.